Kilichoongezwa Kiwandani

Kwa kawaida mgonjwa aliyelazwa hospitalini Gisenyi hulishwa na ndugu zake. Ndivyo ilivyo katika hospitali nyingi za Rwanda: asubuhi na jioni wanaingia mama, shangazi na vijana wa nyumbani na termosi za uji, masufuria yaliyofungwa kwa kitenge, na ndizi za kuchemsha ambazo bado zinatoa mvuke. Anayekuja kumjulia hali tu, asiye na zamu ya kupika, naye haji mikono mitupu. Hupitia dukani akachukua vitu ambavyo kwetu vinaonyesha kwamba mgonjwa ana watu: soda mbili, pakiti ya biskuti, kopo la maziwa ya unga, jibini laini ya pembetatu, na mwenye uwezo huongeza soseji. Zawadi hizo zimetoka moyoni. Lakini kama aliyelala pale kitandani figo zake zimechoka, mfuko ule wa dukani ndio unaostahili kukaguliwa kabla ya sahani ya maharage aliyoletewa na mkewe.

Nasema hivyo nikijua kwamba wagonjwa wengi wamefundishwa kinyume. Wanaambiwa waogope maharage, samaki na maziwa, kisha wanatoka kliniki na njaa na hofu, na njiani wananunua biskuti kwa sababu biskuti haikutajwa. Sura hii ni ya kile ambacho hakikutajwa.

Tuanze na fosforasi yenyewe. Ni madini ambayo hakuna kiumbe kinachoishi bila hayo. Zaidi ya asilimia 80 ya fosforasi ya mwili wetu imo katika mifupa na meno, imeshikana na kalsiamu. Iliyobaki imo ndani ya seli, ikijenga kuta zake na kubeba nguvu inayosukuma misuli. Kila siku tunakula fosforasi nyingi kuliko tunayohitaji, na ya ziada hutolewa na figo kwenye mkojo. Mwaka 1669 Hennig Brand, mtu wa Hamburg aliyekuwa akitafuta dhahabu, alichemsha mkojo mwingi mno hadi ukakauka, akaendelea kuuchoma, akapata kitu kilichong'aa gizani. Dhahabu hakuiona. Aliigundua fosforasi, tena pale pale ambapo figo huitupa.

Figo zikidhoofika, kwa muda mrefu mwili hulificha tatizo. Mifupa hutoa homoni iitwayo FGF23, ambayo huamuru sehemu ya figo iliyo hai bado itoe fosforasi zaidi. Tezi nne ndogo za shingoni, zinazoitwa parathairoidi, nazo huongeza homoni yao. Kwa hiyo mtu anaweza kupima damu akakuta fosforasi iko kati ya miligramu 2.5 na 4.5 kwa desilita, yaani kawaida, huku homoni hizo zikifanya kazi ya kupita kiasi ili namba ile isimame hapo. Figo zikikaribia kuzimika, kificho kinaisha na fosforasi inapanda. Hapo ndipo mgonjwa anaanza kujikuna usiku kucha bila upele. Kalsiamu inachotwa mifupani, mifupa inauma na kuvunjika kirahisi, na kalsiamu hiyo hiyo inakwenda kuganda kwenye kuta za mishipa ya damu na kwenye vali za moyo. Wagonjwa wa figo hufa zaidi kwa maradhi ya moyo na mishipa kuliko kwa sababu nyingine yoyote, na ugumu huu wa mishipa ni sehemu ya sababu.

Mpaka hapa madaktari wote wanakubaliana. Palipokosewa kwa miaka mingi ni namna ya kuhesabu. Orodha za lishe ziliandika miligramu za fosforasi zilizomo katika kila chakula, kama kwamba kila kilichomo huingia kwenye damu. Vyakula havilingani. Katika maharage, mahindi, mtama, karanga na soya, sehemu kubwa ya fosforasi imefungwa ndani ya kitu kiitwacho fiteti, na binadamu hana kimeng'enya cha kutosha cha kuifungua. Huchukua nusu yake au chini ya hapo, mara nyingi kiasi cha asilimia 40. Iliyobaki inapita tumboni na kutoka. Katika nyama, samaki, mayai na maziwa, mwili huchukua kati ya asilimia 40 na 60. Fosfeti inayoongezwa kiwandani ni chumvi tupu iliyosafishwa, asili yake mwamba wa fosfeti unaochimbwa kama ule wa Minjingu huko Tanzania ambao hutumika kwa mbolea. Haijafungwa na chochote. Ikifika kwenye utumbo inayeyuka na kuingia kwenye damu kwa asilimia 90 na zaidi.

Mwaka 2009 Catherine Sullivan na wenzake walichapisha jaribio walilofanya kaskazini mashariki mwa jimbo la Ohio, Marekani, kwa wagonjwa 279 wa kusafishwa damu ambao fosforasi yao ilikuwa juu. Nusu yao walifundishwa jambo moja tu: kusoma lebo dukani na kuepuka vyakula vilivyoongezwa fosfeti, pamoja na kuchagua vizuri katika migahawa ya vyakula vya haraka. Wengine waliendelea na huduma yao ya kawaida. Baada ya miezi 3, fosforasi ya waliofundishwa ilikuwa imeshuka kwa miligramu 0.6 kwa desilita zaidi ya wenzao. Hawakunyimwa maharage wala nyama. Miaka 2 baadaye Sharon Moe wa Indiana aliwapa wagonjwa wachache wa figo chakula cha nafaka na jamii ya kunde kwa wiki moja, na nyama na maziwa kwa wiki nyingine, protini na fosforasi zikiwa karibu sawa. Wiki ya nafaka na kunde fosforasi ya damu ilikuwa chini. Na mwongozo mkubwa wa lishe ya wagonjwa wa figo uliotolewa Marekani mwaka 2020, unaojulikana kwa jina la KDOQI, sasa unawataka wataalamu waangalie fosforasi imetoka wapi: kwenye mmea, kwa mnyama, au kwenye kiongezwa.

Hii ni habari njema sana kwa Rubavu, wilaya ya mji wa Gisenyi. Wilaya hii inakaa juu ya udongo wa volkano, chini ya Nyiragongo, na mashamba ya Busasamana, Mudende na Bugeshi hutoa viazi, maharage, mahindi, vitunguu, karoti na kabichi. Hakuna kiwanda kilichogusa karoti ya Mudende kabla haijafika sokoni. Mkulima wa hapa anayeugua figo anaweza kula sehemu kubwa ya chakula chake cha kuzaliwa nacho, kwa vipimo, bila kuingia kwenye duka la vyakula vya pakiti hata mara moja. Maskini, ambaye daima huambiwa kwamba lishe bora ni ya matajiri, katika jambo hili moja ana nafasi nzuri kuliko tajiri.

Sisemi kwamba kila cha shambani ni halali kwa kiasi chochote. Viazi, ndizi, maharage na kisamvu vina potasiamu nyingi, na potasiamu ikipanda husimamisha moyo kwa ghafla kuliko fosforasi. Kama daktari amekuambia potasiamu yako iko juu, menya viazi, kata vipande vidogo, chemsha kwa maji mengi, mwaga maji hayo, na usiyageuze kuwa mchuzi. Maharage yaloweke usiku, mwaga maji, uchemshe kwa maji mapya, kisha umwage na hayo. Kuchemsha huondoa pia sehemu ya fosforasi, na nyama ikikatwa vipande vyembamba ikachemshwa nayo hupungukiwa. Supu iliyotoka humo waachie wenye figo nzima.

Na kuna sambaza. Samaki huyu mdogo aliletwa ziwani Kivu kutoka ziwa Tanganyika mwaka 1959, na leo kila jioni mitumbwi iliyofungwa mitatu mitatu hutoka na taa zake kumtega, wavuvi wakiimba. Sambaza huliwa mzima, na kichwa na mifupa yake. Kwa mtoto hiyo ni faida, maana anapata kalsiamu. Kwa mgonjwa wa figo mifupa ile ni fosforasi juu ya fosforasi, na wale waliokaushwa ni wazito zaidi kwa sababu maji yametoka na madini yamebaki. Sahani kubwa ya sambaza wa kukaanga si chakula chake cha kila siku. Akitamani, na ale wachache wabichi waliopikwa, vichwa vikiwa vimetolewa, na siku nyingine ale mnofu wa tilapia usio na mifupa.

Brosheti ya mbuzi aliyechinjwa leo haina kiongezwa. Mchoma nyama huweka chumvi na pilipili, na chumvi ndiyo ya kumwomba apunguze. Yai la kuchemsha pia ni safi. Na anayetaka protini bila fosforasi ale ute mweupe, kwa maana karibu fosforasi yote ya yai imo kwenye kiini. Ugali wa unga wa muhogo una fosforasi kidogo. Jibini ya Gishwati, ile ngumu ya duara, ina fosforasi nyingi ya maziwa yake, basi ni ya kipande chembamba mara moja moja. Hata hivyo imetengenezwa kwa maziwa na chumvi, na sehemu kubwa ya fosforasi yake ni ile ambayo mwili unaichukua nusu nusu.

Sasa tuingie dukani.

Gisenyi ni mji wa mpaka. Kila siku makumi ya maelfu ya watu wamezoea kuvuka kati yake na Goma, wengi kwa miguu, wakibeba mboga kwenda na bidhaa kurudi. Ndiyo sababu rafu moja ya duka inaweza kuwa na biskuti za Kenya, maziwa ya unga ya Ulaya, tambi za Uganda, na makopo yaliyopitia Dubai, kila kimoja na lebo ya lugha yake. Kwa mgonjwa anayetaka kusoma, hiyo ni kazi. Inawezekana, tena ni rahisi kuliko inavyoonekana, ukijua la kutafuta.

Kwanza, achana na jedwali la lishe, lile linaloonyesha nishati, mafuta, sukari na protini. Fosforasi kwa kawaida haiandikwi humo, kwa sababu viwango vya kimataifa havilazimishi. Nenda kwenye orodha ya viambato, ambayo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo sana nyuma ya pakiti. Humo tafuta herufi hizi zikifuatana: P-H-O-S-P-H. Kwa Kifaransa utaona «acide phosphorique», «diphosphates», «polyphosphates»; kwa Kiingereza herufi ni zile zile. Neno lolote lenye herufi hizo ni fosfeti iliyoongezwa. Pale ambapo mtengenezaji ameandika namba badala ya jina, namba za kukariri ni 338 mpaka 343, na 450 mpaka 452, na 541. Zinaweza kutanguliwa na E. Ziandike kwenye karatasi, uiweke nyuma ya simu yako au ndani ya kadi yako ya bima. Mjukuu anayejua kusoma anaweza kuwa msaada mkubwa kuliko daktari siku ya kununua vitu.

Soseji na mortadela ndizo za kwanza kutiliwa shaka. Fosfeti huifanya nyama ishike maji: nyama iliyochomwa sindano ya maji ya chumvi na fosfeti huongezeka uzito, haikauki ikipikwa, na mnunuzi hulipia maji kwa bei ya nyama. Kuku wa barafu wa viwandani na samaki wa minofu waliogandishwa hufanyiwa hivyo mara nyingi. Vitu hivi vikifunguliwa na kuuzwa rejareja kutoka kwenye friza, lebo hubaki kwenye katoni ambayo hukuiona. Cha kufanya ni kimoja: nyama isiyo na lebo, ambayo hukuiona ikikatwa, usinunue. Kuku wa kienyeji mzee, hata akiwa mgumu wa kutafuna, hana hila.

Jibini laini ya pembetatu, na ile ya vipande vya mraba, ilianzia mji wa Thun, Uswisi, mwaka 1911, pale Walter Gerber na Fritz Stettler walipoyeyusha jibini kwa chumvi ya sitrati ili isiharibike safarini. Baadaye viwanda vikagundua kwamba fosfeti hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Leo kwenye lebo ya Kifaransa utaona «sels de fonte», yaani chumvi za kuyeyushia, na karibu kila mara fosfeti imo. Watoto wanaipenda, wagonjwa wanapelekewa kwa sababu ni laini kumeza. Kwa mgonjwa wa figo naiweka karibu na soseji, kwenye orodha ya vitu vya kuacha kabisa.

Soda inahitaji maelezo ya haki. Kampuni ya Bralirwa, ambayo kiwanda chake cha bia kiko Gisenyi tangu 1957, ilianza kutengeneza Coca-Cola nchini Rwanda mwaka 1974, na leo hakuna harusi wala matanga bila kreti za soda. Soda nyeusi za kola, za kampuni yoyote, huwekwa asidi ya fosforiki, namba 338, ndiyo inayozipa ule ukali. Chupa ya mililita 330 ina kiasi cha miligramu 50 hivi za fosforasi. Si nyingi ukilinganisha na sahani ya chakula, lakini huingia karibu yote na haileti protini wala vitamini. Anayekunywa 3 kwa siku ameongeza miligramu 150 za bure, pamoja na sukari ambayo mwenye kisukari, ugonjwa unaoharibu figo za wengi, haihitaji kabisa. Soda za machungwa na ndimu kwa kawaida hutumia asidi ya sitriki, namba 330, ambayo si fosfeti. Kwa hiyo mgeni wa harusini anayesafishwa damu, kama amepimiwa kiasi cha maji anachoruhusiwa na hana kisukari, aombe ya ndimu, tena nusu glasi.

Mandazi na keki huleta mjadala majumbani. Baking pauda nyingi zina fosfeti, namba 341, 450 au 541. Ndiyo asidi inayokutana na magadi na kutoa mapovu. Hamira ya mkate ni kiumbe hai na haiongezi chumvi hiyo. Basi mama anayekaanga mandazi kwa ajili ya mgonjwa na aumue unga kwa hamira, asubiri uumuke, aweke chumvi kidogo. Ni kusubiri saa moja au mbili zaidi, na mgonjwa anapata kitu cha kula na chai bila madhara hayo. Biskuti za pakiti na keki za plastiki zisomwe moja moja, kwa kuwa nyingine zina fosfeti na nyingine hazina hata kidogo.

Vingine nivipitie haraka: krimu ya unga ya kahawa, ambayo mara nyingi ina namba 340, tambi za dakika tatu na pakiti zake za viungo, viazi vya kukaanga vilivyogandishwa, ambavyo huwekwa namba 450 visigeuke rangi, wakati viazi vibichi vya Rubavu viko mlangoni, na unga wa uji ulioongezwa madini, ambao humfaa mtoto mwenye utapiamlo lakini unaweza kuwa na fosfeti ya kalsiamu ndani yake. Kuna pia chumvi mbadala za watu wa presha: hizo mara nyingi ni potasiamu, na mgonjwa wa figo asiziguse bila kumwuliza daktari. Wanga uliobadilishwa kiwandani ni mgumu kuujua, kwa sababu sheria inaruhusu kuuandika kwa jina la jumla tu, na baadhi yake umeshikizwa fosfeti.

Kwa nini kujisumbua hivi? Chukua hesabu. Mtu anayesafishwa damu kwa mashine huambiwa ale kati ya miligramu 800 na 1,000 za fosforasi kwa siku. Akila 1,000 na mwili ukachukua asilimia 60, kwa wiki zimeingia 4,200. Kipindi kimoja cha saa 4 kwenye mashine huondoa kiasi cha 800. Vipindi 3 kwa wiki ni 2,400. Na katika kanda yetu wapo wengi wanaopata 2 tu, yaani 1,600. Hata kabla ya kiongezwa chochote, hesabu haifungi, na ndiyo maana kuna dawa za kunasa fosforasi tumboni, kama kabonati ya kalsiamu na sevelama. Dawa hizi humezwa pamoja na chakula. Aliyezimeza asubuhi bila kula, kisha akala mchana bila dawa, amezipoteza.

Sasa ongeza pakiti. Watafiti wa Cleveland walichunguza mwaka 2013 vyakula vinavyouzwa zaidi madukani kwao, wakakuta asilimia 44 vina fosfeti iliyoongezwa. Walipotengeneza mlo wa siku nzima wa vyakula vyenye viongezwa na mwingine usio navyo, wa kwanza ulizidi kwa miligramu 736 za fosforasi. Kwa wiki hiyo ni zaidi ya 5,000, na inayoingia kwenye damu ni kama 4,600: zaidi ya ile 4,200 ya chakula chote tulichohesabu juu. Mtu wa Rubavu hali pakiti kama mtu wa Cleveland. Hata hivyo mji unakua, friza zinaongezeka, na kijana anayepanga chumba karibu na mpaka akipika tambi na soseji kila usiku anaikaribia hesabu hiyo bila kujua. Watafiti hao hao waligundua kwamba kwao mlo usio na viongezwa ulikuwa ghali zaidi, kwa dola 2 kwa siku. Hapa soko la mboga bado liko upande wa mgonjwa, na ni vema alitumie.

Niseme neno kwa wale ambao, wakisikia haya yote, huacha kula. Mgonjwa ambaye hajaanza mashine mara nyingi hupunguziwa protini, mpaka gramu 0.55 au 0.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku akiwa hana kisukari. Anayesafishwa damu ni tofauti kabisa: mashine humnyang'anya protini, na anahitaji gramu 1.0 mpaka 1.2 kwa kilo. Akiogopa nyama, mayai na maharage yote kwa pamoja, atakonda, miguu itavimba, na atadhoofika kabla fosforasi haijamfanya lolote. Kipande cha mbuzi kinakuja na fosforasi, ndiyo, lakini kinakuja na nyama ya kujenga mwili. Fosfeti ya soseji inakuja na maji. Ukiwa na nafasi ndogo ya fosforasi kwa siku, itumie kwa chakula chenye thamani.

Safari nazo zina mtihani wake. Wapo wanaolazimika kwenda Kigali kwa mashine au kwa daktari bingwa, kilomita 150 hivi za milima, na basi likisimama Nyirangarama kila mtu hushuka kununua kitu. Mgonjwa aondoke nyumbani na chakula chake: ugali wa muhogo na mboga, ute wa yai, mandazi ya hamira. Njaa ya safarini ndiyo inayofungua pakiti.

Dawa nazo zichunguzwe. Baadhi ya dawa za maji za kusafisha utumbo, za kunywa au za kuingizwa kwa njia ya haja kubwa, ni fosfeti ya sodiamu yenyewe kwa kipimo kikubwa. Zimewahi kuharibu figo za watu, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo lake kali zaidi kwenye vidonge vya aina hiyo. Mwenye ugonjwa wa figo akiandikiwa dawa ya kusafisha utumbo, aseme wazi: nina figo, nipe isiyo na fosfeti. Baadhi ya vidonge vya presha pia hufinyangwa kwa fosfeti ya kalsiamu. Kiasi ni kidogo, na asithubutu mtu kuacha dawa ya presha kwa sababu hiyo.

Rwanda imepiga hatua za kweli kwa wagonjwa hawa. Hospitali ya King Faisal ya Kigali ilianza kupandikiza figo mwaka 2023, na mwanzoni mwa 2025 serikali ilitangaza kuingiza usafishaji wa damu na upandikizaji katika huduma zinazolipiwa na bima ya afya ya Mutuelle de Santé. Nchi inayolipia mashine ina kila sababu ya kuangalia kinachowekwa sahanini. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipopima upya fosfeti mwaka 2019, iliweka kikomo cha miligramu 40 za fosforasi kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ikaandika pia kwamba kikomo hicho hakiwalindi watu ambao figo zao zimepungua nguvu. Maana yake, hata kiwango halali kiliwekwa kwa ajili ya watu wenye figo nzima.

Kwa hiyo naiomba Bodi ya Viwango ya Rwanda na wenzake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waamuru kila pakiti inayouzwa kwetu ionyeshe miligramu za fosforasi, kwa tarakimu, pembeni ya sukari na chumvi, na wanga uliobadilishwa utajwe kwa namba yake. Waongozaji wa kliniki za figo wachapishe namba zile kumi, kuanzia 338 hadi 541, kwa Kinyarwanda na Kiswahili, wampe kila mgonjwa mkononi. Na wewe unayekwenda kumwona mgonjwa wa figo kesho, pita sokoni badala ya dukani. Mpelekee nanasi dogo lililomenywa, kabichi, mayai ya kienyeji au nusu kilo ya mbuzi mbichi, na umwulize anayempikia kama daktari ameruhusu.